Sura ya Tisa: Punje Nyekundu za Kimisagara

Inspekta Winifred Mugenzi hakuomba kutembezwa maabara. Aliomba aonyeshwe bomba lililokufa.

Lilikuwa limelazwa mezani katika chumba cha nyuma cha kampuni ya Intango, kule Masoro kwenye viwanda. Bomba la chuma, refu kama mkono wa mtu mzima, limezibwa pande zote mbili na kupigwa lakiri.

"Halijafunguliwa tangu siku ile?" Winifred aliuliza.

"Wiki tatu sasa," alijibu Wairimu, mkuu wa maabara, mama wa Kikenya aliyevaa miwani ya kuning'iniza shingoni. "Wanunuzi walipiga lakiri zao, Telesphory akachukuliwa, na tangu hapo kila mtu anaisubiri Ijumaa."

Leo ilikuwa Jumatano. Ijumaa asubuhi mwendesha mashtaka angempandisha kizimbani Telesphory Rwegasira, mkemia wa Kitanzania, kwa kosa la kuharibu makusudi kazi ya mwajiri wake na kuwauzia washindani siri yake. Jalada lilikuwa limeandikwa na kupigwa mihuri. Winifred alikuwa amepewa siku mbili za kulipitia, na mkubwa wake alimwambia waziwazi kwamba hatarajii kitu kipya.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni," Winifred alisema.

Wairimu alivuta kiti. "Kuna mawe yenye mafuta ndani yake. Ukiyachoma, yanatoa mafuta meusi, mazito, yanayonuka hata ukishaoga. Yamejaa salfa na naitrojeni, na hakuna kiwanda cha kusafisha kinachoyataka hivyo yalivyo. Sisi tunayapitisha kwenye bomba la moto, pamoja na haidrojeni, juu ya punje kama hizi." Alionyesha chupa ya punje ndogondogo. "Hiki ndicho kichocheo. Chenyewe hakiliki wala hakipungui, kazi yake ni kuufanya uchafu ubanduke. Na hiki chetu kimetengenezwa kwa wolframu iliyochimbwa hapahapa Rwanda. Telesphory alikifanyia kazi miaka minne."

"Kisha kikafa."

"Kilitakiwa kifanye kazi saa sabini na mbili mbele ya wanunuzi. Saa ya thelathini na moja kipimo cha naitrojeni kikapanda ghafla, mafuta yakatoka meusi kama yalivyoingia."

"Kichocheo kinauawa na nini?"

"Arseniki."

"Sumu hiyohiyo inayoua watu?"

"Hiyohiyo. Imo kidogo ndani ya mafuta ya mwamba, lakini hicho kidogo kinatosha. Ndiyo maana juu kabisa ya bomba tunaweka tabaka la punje za ulinzi. Hizo zinainasa arseniki kabla haijashuka."

Winifred alitazama lakiri, akamwita Koplo Muhire aje na kamera. "Basi tupasue maiti. Tuanzie kichwani, tabaka kwa tabaka. Kila tabaka na kisahani chake, kila kisahani na namba."

Ilichukua saa nzima. Visahani vinane vilijipanga mezani, vyote vimejaa punje nyeusi. Wairimu alikata tamaa kwa kuviona tu. "Masizi yamezifunika zote. Hutaona tofauti."

"Masizi yanaondokaje?"

"Kwa kuyachoma kwenye tanuri lenye hewa. Muda wa saa nne hivi."

"Washa tanuri."

Ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia mwanamume mrefu aliyenyoosha shati vizuri, na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa Arthur, mkuu wa ubora, Mnyarwanda aliyesomea Ubelgiji. Alimkabidhi Winifred kikombe kwa adabu zote.

"Afande, nasikitika kukuona unajichosha bure," alisema. "Hapa hakuna muujiza wa kutafuta. Udongo wa hapa na wolframu ya hapa havifui dafu mbele ya arseniki. Nilisema tangu mwanzo."

"Ulimwambia nani?"

"Bodi nzima. Imo kwenye ripoti yangu, kurasa arobaini."

"Kwa hiyo unadhani Telesphory hakuharibu kitu?"

Arthur alirekebisha kola ya shati. "Sijui alifanya nini. Najua kwamba kazi yake isingefaulu hata angeiombea."

Winifred aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamshukuru kwa kahawa.

Saa tisa alasiri tanuri lilifunguliwa. Kisahani cha tatu mpaka cha nane vilitoka na punje za kijivu kilichofifia. Kisahani cha kwanza na cha pili vilitoka na punje nyekundu.

Wairimu alivaa miwani, akainama, akaivua, akaivaa tena. "Hizi si zetu."

"Punje zenu za ulinzi huwa na rangi gani?"

"Kijivu kinachovuta kijani. Zina nikeli. Hizi hazina hata chembe ya nikeli."

Muhire aliinama akachukua punje moja kwa kibano. Alizaliwa na kukulia Nyakabanda, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko. "Afande, hii iko rangi ya imbabura. Ile majiko ya mukaa, wanachomea kule Kimisagara. Ni udongo tu, wamechoma."

Kumbe kichocheo hakikushindwa. Mtu alikuwa amemwondoa mlinzi mlangoni, akasimamisha sanamu ya udongo mahali pake.

Winifred aliivunja punje moja katikati, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Mkato wake ulikuwa na nundu tatu, sawasawa na za maabara. "Umbo hili mnalipataje?"

"Tunaukamua udongo kupitia kalibu, sahani ya chuma yenye matundu ya nundu tatu. Tunayo moja tu, na inakaa kwenye kabati langu. Ufunguo huu hapa." Wairimu aliuvuta kutoka shingoni, ulikuwa pamoja na miwani.

"Basi kuna kalibu ya pili. Na kopo la punje za ulinzi nani alilishika?"

Daftari lilikuwa na majina mawili. Telesphory alilijaza kopo na kulifunga siku mbili kabla ya jaribio. Kesho yake Arthur alilichukua kwa ukaguzi wa ubora, akalirudisha jioni.

Jina moja lilikuwa la mtu aliyetumia miaka minne kukijenga kitu kile. La pili lilikuwa la mtu mwenye ripoti ya kurasa arobaini. Lakini ripoti si ushahidi, na Winifred hakutaka kumwachia mwendesha mashtaka dhana mkononi.

* * *

Telesphory aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amekonda. Winifred, aliyelelewa Ngara, upande wa Tanzania ng'ambo ya mto, mpaka alipofika kidato cha sita, alimsalimu kwa Kiswahili cha kwao.

"Habari za hapa, kaka?"

"Namshukuru Mungu, afande. Nimezoea."

"Punje za ulinzi ukizichoma masizi yakatoka, zinabaki na rangi gani?"

Alinyanyua kichwa. Kwa wiki tatu hakuna aliyemuuliza swali la kazi. "Kijivu chenye kijani. Kwa nini? Mmefungua bomba?"

"Umewahi kwenda Kimisagara?"

Alikunja uso. "Mara mbili."

"Kufanya nini?"

"Kuna fundi alinichongea nati za bomba, zile za kuagiza zilichelewa. Mtaa wa chini, karibu na kituo cha vijana. Jina lake silijui. Tulikuwa tunaelewana kwa vidole."

Muhire alimtupia Winifred jicho. Wakiwa nje akasema taratibu, "Afande, hii iko mubaya kwake. Majiko ya udongo iko Kimisagara. Mafundi ya chuma iko Kimisagara. Na yeye anasema mwenyewe alienda."

"Ndiyo," Winifred alijibu. "Kwa hiyo kesho na sisi tunakwenda."

* * *

Walimchukua Wairimu ili aitambue kalibu wakiipata. Karakana za Kimisagara zilikuwa zimeanza kelele tangu asubuhi; bondeni kote vyuma vilikuwa vinalia, na cheche za kuchomelea zinaruka hadi barabarani. Waliuliza karakana ya kwanza, ya pili, ya tano. Mafundi walitikisa vichwa. Wa sita aliitazama punje, akasema kuchonga umbo dogo kama hilo kunamtaka Habumugisha.

Habumugisha alikuwa mtu mfupi mwenye aproni ya ngozi, amesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma iliyozeeka kuliko yeye. Alikuwa amefanya kazi Bukavu miaka kumi, kwa hiyo alipomwona Wairimu hajui Kinyarwanda, aligeukia Kiswahili bila kuombwa.

"Karibuni, bamama. Munatafuta nini?"

Winifred alimwekea punje nyekundu kiganjani. Fundi aliitazama, akacheka kwa fahari.

"Hii matundu ni yangu! Iko ngumu sana hii kazi. Mafundi tatu walishindwa, mimi nikaweza. Tundu arobaini na saba, kila moja na vichwa tatu." Alinyoosha mkono ukutani, penye msumari uliojaa makaratasi, akachomoa moja. "Mimi situpi mchoro. Mutu akirudi, namutengenezea ingine."

Ulikuwa mchoro wa kalamu, wenye vipimo pembeni. Wairimu aliushika kwa mikono miwili. "Ni kalibu yetu. Kila kipimo ni chetu."

"Aliyeuleta alikuwa nani?" Winifred aliuliza.

"Aliandika jina hapa nyuma. Hapana, mimi niliandika, yeye alisema tu."

Winifred aligeuza karatasi. Kwa penseli nene, kama lilivyosikika kwenye sikio la fundi, lilisomeka: TERESIFORI.

Wairimu aliketi juu ya gurudumu kuukuu. Muhire aliinamisha macho. Hapo jalada la mwendesha mashtaka lilikuwa limekamilika, na fundi mwenyewe alikuwa amelifunga bila kujua.

Lakini Winifred aliendelea kuutazama mchoro. Vipimo vyote vyenye namba saba vilikuwa na kistari katikati ya mguu, kama wanavyofundishwa waliosoma shule za Kifaransa. Winifred mwenyewe alisoma shule za Kitanzania, kama Telesphory. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kukata saba tumboni.

"Habumugisha," alisema, "huyo mtu mliongea lugha gani?"

Fundi alishangaa. "Kinyarwanda, afande. Lugha gani ingine?"

"Alikijua?"

"Aah! Safi kabisa, ya hapa hapa. Alinitania mupaka nikachoka, akasema mashine yangu iko na umuri ya bibi yangu. Na kifaransa kidogo, pale kwa vipimo."

Wairimu alisimama. "Telesphory?" Sauti yake ilipanda juu ya kelele za karakana. "Telesphory hajui Kinyarwanda! Miaka minne hapa, anajua 'murakoze' ya kushukuru peke yake, na hilo nalo analitamka vibaya!"

"Najua," Winifred alisema. "Alituambia mwenyewe jana. Yeye na fundi wake wa nati walielewana kwa vidole."

Alitoa simu, akamwonyesha Habumugisha picha sita za wafanyakazi wa Intango, moja baada ya nyingine, bila majina. Fundi aliziruka tatu za kwanza, moja ikiwa ya Telesphory. Ya nne aliigonga kwa kidole chenye grisi.

"Huyu. Shati yake ilikuwa inang'ara hivi hivi. Nilimwambia asimame mbali na mashine, atachafuka."

Muhire aliandika saa, mahali, na namba ya picha. Habumugisha alitia sahihi, kisha akauliza kama kalibu ilikuwa na kasoro.

"Haikuwa na kasoro hata moja," Wairimu alimwambia. "Ndiyo iliyotuponza. Fundi, mimi nitarudi hapa nikiwa na kazi yangu mwenyewe."

* * *

Arthur aliwapokea ofisini kwake mchana uleule. Winifred alikaa bila kukaribishwa, akaweka mezani kisahani chenye punje nyekundu.

"Unazijua?"

"Ni udongo uliochomwa."

"Jana uliniambia kichocheo kilishindwa na arseniki. Leo nakuambia hakikupewa nafasi ya kushindwa. Tarehe kumi na moja ulichukua kopo la punje za ulinzi kwa ukaguzi. Majibu ya ukaguzi yako wapi?"

"Yatakuwa kwenye mafaili."

"Tumeyatafuta. Kopo uliondoka nalo, kopo ulirudi nalo, na hakuna kipimo hata kimoja kilichoandikwa. Mkuu wa ubora mwenye kurasa arobaini, siku hiyo moja akasahau kalamu?"

Arthur alisogeza kisahani kando.

"Niandikie hapa," Winifred alisukuma karatasi, "tarehe ishirini na saba, mwezi wa saba."

"Ya nini?"

"Andika tu."

Aliandika. Saba mbili, kila moja na kistari chake. Winifred alifunua mchoro wa Kimisagara, akauweka kando ya karatasi ile. Muhire akasoma kwa sauti maelezo ya fundi: picha namba nne, shati linalong'ara, utani wa mashine na bibi.

Aliposikia utani wake mwenyewe ukisomwa kwenye karatasi ya polisi, Arthur alivua saa ya mkononi, akailaza mezani kana kwamba ilikuwa imemwelemea.

"Nilisema mbele ya watu wote kwamba haiwezekani," alisema hatimaye. "Nilisimama nikawaambia tuagize kichocheo cha nje, huyu anatupotezea miaka. Halafu nikaanza kuona vipimo vyake vya kila wiki. Vilikuwa vizuri. Kila wiki vizuri zaidi."

"Ukaamua visionekane."

"Nilitaka jaribio lishindwe mara moja tu. Sikusema akamatwe."

"Jina lake uliliacha Kimisagara."



"Punje za kweli ziko wapi?" Wairimu aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni wakati wote. "Ulizitupa?"

Arthur aliinuka taratibu, Muhire akiwa begani kwake, akafungua kabati la sampuli. Nyuma ya chupa za zamani lilikuwepo kopo dogo lenye karatasi: ZIMEKATALIWA. Wairimu alilifungua. Punje za kijivu chenye kijani, zote, kavu, nzima.

"Sikuweza kuzitupa," Arthur alisema. "Ni kazi nzuri mno."

Wairimu alilikumbatia lile kopo kifuani, akatoka nalo. Muhire alitoa pingu.

* * *

Ijumaa saa mbili asubuhi, saa ambayo Telesphory alitakiwa kupandishwa kizimbani, Winifred aliingia mahabusu na barua ya mwendesha mashtaka. Alisimama mbele yake akasema kwa Kinyarwanda, "Haguruka, utahe."

Telesphory alimtazama, akamtazama Muhire, akajaribu: "Murakoze?"

Muhire aliangua kicheko hadi akashika ukuta. Winifred naye alishindwa kujizuia.

"Nimekwambia inuka, kaka, uende nyumbani. Shauri limekwisha. Lakini kabla ya nyumbani kuna mama mmoja Masoro anakusubiri na kopo lako."

Jaribio lilianza upya Jumatatu saa mbili asubuhi. Mhandisi Kipchumba, aliyetumwa na wanunuzi, alikubali kurudi kwa shingo upande. Aliwaambia mapema kwamba ndege yake ni ya Alhamisi mchana na hataichelewa kwa sababu ya mtu yeyote. Winifred alisimamia upakiaji wa kichocheo kipya kwenye bomba. Punje za ulinzi zilimiminwa mbele ya macho ya watu watano, na kila mmoja akatia sahihi.

Jumanne saa tisa alasiri, saa ya thelathini na moja, maabara nzima ilikuwa imejaa. Wafagiaji walikuja, mlinzi wa geti alikuja, hata mpishi wa kantini. Telesphory alichukua tone la mafuta, akaliingiza kwenye kipimo, akasubiri. Namba ilipotokea, aliisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuigeuzia skrini watu.

"Ishirini na mbili," alisema. "Sehemu ishirini na mbili za naitrojeni kwa milioni. Iliingia ikiwa elfu kumi na nane."

Kelele zilizopigwa zilisikika kiwanda cha jirani. Mpishi alimkumbatia Muhire, ambaye hakuwa amemwona kabla ya hapo.

Alhamisi asubuhi, saa ya sabini na mbili, namba ilikuwa ishirini na nne. Winifred alikuja kuchukua sahihi ya mwisho ya jalada lake. Alimkuta Kipchumba ameinua chupa ya mafuta kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa ya rangi ya asali changa, na mtu angeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Kipchumba alifungua kizibo, akanusa, akanusa tena, akamgeukia Telesphory.

"Miaka kumi na tano ninanusa mafuta ya mwamba," alisema. "Hii ni mara ya kwanza sijageuza uso. Hongera, bwana. Hongera sana. Mmefaulu. Unaweza kuzima mtambo."

Telesphory aliweka mkono juu ya swichi, kisha akauondoa.

"Kwa nini nizime?" aliuliza. "Bado unafanya kazi."

Kipchumba aliitazama saa yake, akatazama mtambo, akalivua koti na kulitundika mlangoni. Akampigia simu mtu wa shirika la ndege. Wairimu alivaa miwani, akafungua ukurasa mpya wa daftari, na juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: SAA YA SABINI NA TATU.